Jana Tuliishia Wapi

Siku nilipoondoka Werugha walinizunguka mbele ya madhabahu,
mikono kumi na minne kichwani pangu,
na Mama Mchungaji akanitilia daftari mkobani:
"Andika majina, Mkamburi. Kila utakayemleta."
Daftari la kurasa tisini na sita.

Hapa Ibra limejaa dawa.
Ya presha asubuhi, ya sukari kabla ya kula,
matone ya macho mara tatu,
na siku Bi Rayya alipogoma kula
nimeandika: amekataa uji. Tena amekataa uji.

Ruwi kuna kanisa, nimeambiwa, lakini Ruwi ni mbali
na Ijumaa yangu haijawahi kuwa yangu.
Ibada hunijia kwa simu, vipande vipande vya sauti,
naisikiliza jikoni nikichambua mchele,
nimeiteremsha sauti kama mtu anayeficha jino bovu.
Wakala pale Nairobi alishasema:
kazi ni kazi, dini iache mkobani.
Nikaitika. Nikaiacha huko, pamoja na daftari.

Ila alfajiri mimi ndiye ninayemtawadhisha.
Mikono yake haiwezi tena birika.
Namimina, napitisha kidole kati ya vidole vya miguu,
kisigino kimepasuka kama tope la falaji lililokauka,
namfuta kwa kanga yake ya Unguja,
jina lake limefutika, limebaki neno moja: *nipe*.

Asubuhi moja akaniinulia uso.
"Mwanangu, nani kakufunza kuosha miguu hivi?
Yule wa kabla yako akinimwagia tu,
utasema anamwagilia vitunguu."

Miaka miwili nimeliombea swali lile
na limenikuta nimepiga magoti, kichwa wazi,
maji yakinichuruzika hadi kiwikoni,
aya zote nilizokariri zimeniruka.
Nikasema: "Kuna mtu aliwaosha rafiki zake.
Usiku ule ule aliojua watamkimbia."
"Wote?"
"Wote. Hata aliyekwisha kumuuza."
Akanyamaza. Akautazama mguu wake wa kushoto
kana kwamba umeletwa na mgeni.
Kisha akasali, nami nikangoja nje ya mlango, taulo begani.

Usiku akaniita nimkande magoti.
"Sasa n'sikilize na miye.
Maryamu uchungu ulimshika peke yake,
hana mkunga, hana wa kumshika kiuno.
Akaambiwa: tikisa shina la mtende.
Mtende, mwanangu! Na uchungu tumboni!
Weye ushaujaribu?"
Nilikuwa nimeujaribu, ule wa uani. Hautikisiki.
"Basi tende zikamwangukia, mbichi-mbivu, hapo alipo."

Mimi najua hori, najua ng'ombe na nguo za kitoto.
Mtende sikuwahi kuambiwa.
Nikamkumbuka Mwakio wangu, alivyokuja usiku wa mvua,
mume yuko Voi, jirani hasikii,
na mimi nimeung'ang'ania mwimo wa mlango
mpaka ukucha ukang'oka.
Nikaendelea kukanda. Sikuona vizuri ninapokanda.

Hilal akaingia na mifuko ya sokoni, akasimama.
Akauliza kwa Kiarabu, mama yake akamjibu kwa Kiswahili
ili nami nisikie:
"Habari za uzazi. Zako hizo?"
Alinitazama usoni kidogo kuliko kawaida, au zaidi, sijui.
Akatoka, akarudi kufuata funguo, akatoka tena.
Bibi akacheka mpaka akakohoa.

Leo Mama Mchungaji kauliza tena: wangapi?
Nikaandika: mmoja. Nikafuta.
Nikaandika: naulizwa maswali, niombeeni.
Nikalitazama hilo nalo,
kidole juu ya kitufe,
na kule chumbani fimbo ikagonga sakafu.
"Mkamburi! Maji!
Na jana tuliishia wapi?"